Kabla ya Kuuliza Nyeupe Ipi

Rafiki yangu mmoja kapata nyumba ya zamani, na jambo la kwanza alilofanya ni kunitumia picha. Milango mizito ya paneli, fremu pana kuliko kiganja, skatingi (zile mbao za chini ya ukuta) zenye mapambo, ngazi yenye mkono uliochongwa na fundi asiyekuwa na haraka. Mbao yote imepigwa vanishi tu, haijawahi kuonja rangi tangu siku ilipopigiliwa. Chini ya picha ameandika swali: "Nyeupe ipi itatoka vizuri, hii yenye ubuluu kidogo au hii ya krimu?"

Nyeupe ipi! Apake au asipake, hilo hakuuliza. Lilishaamuliwa, na wala hakuliamua yeye. Liliamuliwa na zile video za dakika moja zinazoanza na mbao ya kahawia iliyopigwa picha jioni, taa zimezimwa, na kuishia na mbao nyeupe iliyopigwa picha saa sita mchana, mapazia yote yamefunguliwa. Kwa mwanga ule hata mimi ningependeza. Mlango uleule ukishafikisha miaka miwili, kona zimebanduka na alama za vidole zimezunguka kitasa, hakuna anayerudi na kamera.

Mie sina ugomvi na rangi. Ukuta upake unavyotaka, ukiuchoka mwezi ujao upake tena, nani atakuuliza. Ugomvi wangu ni na wanaoichukulia mbao isiyopakwa kana kwamba nayo ni ukuta.

Tuangalie kinachotokea. Chukua mwaloni, mbao iliyotumika sana kwenye milango na ngazi za nyumba za zamani za Ulaya na Marekani. Ukiutazama kwa karibu utaona vitundu virefu vyembamba, ile mirija iliyokuwa ikipandisha maji mti ulipokuwa hai. Mahogani, mvule na mninga nazo zina vitundu vya namna hiyo. Rangi ikipakwa juu ya mbao tupu huingia humo na kukauka humo. Siku mtu atakapotaka kuitoa atapaka dawa ya kubandua, atakwangua, atapaka tena, atachokonoa kwa brashi ya nyuzi za shaba mpaka mabega yamkatike, na mbao bado itabaki na vinukta vyeupe kama iliyonyeshewa chokaa. Kwenye sehemu tambarare anaweza kupiga randa. Kwenye mapambo ya fremu na nguzo za ngazi je? Msasa utakula kingo zilezile kali ambazo fundi alihangaika kuzichonga, na yatabaki mapambo butu, ya uvimbeuvimbe. Kuna wanaong'oa milango na kuizamisha kwenye pipa la magadi makali. Rangi inatoka kweli. Gundi ya viungo nayo inalegea, nyuzi zinasimama, mwaloni unageuka rangi kwa sababu tanini, kemikali ya asili iliyomo ndani yake, hupambana na magadi, na mlango unarudi nyumbani ukiwa umechoka kama mgonjwa aliyetolewa hospitali kabla ya siku zake.

Kinachoweza kuiokoa mbao hiyo ni finishi ya zamani, yaani lile tabaka la kung'arisha lililopakwa juu yake, lilelile unalolitukana. Kama chini ya rangi kuna tabaka zima la shelaki (finishi ya utomvu, nitaieleza mbele) au vanishi, rangi imekaa juu ya tabaka hilo na haikuingia kwenye vitundu. Anayekuja baadaye akiilainisha finishi, rangi huachia nayo kwa urahisi zaidi. Sasa sikilizeni ushauri wa mafundi wa mtandaoni: piga msasa hadi mbao tupu ili rangi ishike. Inashika, sikatai. Umeondoa kinga ya mwisho, na umelipia msasa wa kuiondolea.

Wanaohifadhi samani na majengo ya kale hupendelea kazi inayoweza kutenguliwa bila kuumiza kilichopo. Sidai kila sebule iwe makumbusho. Nadai hesabu nyepesi tu. Usipopaka leo unaweza kupaka mwakani, na mwaka ule mwingine, na hata siku ya mwisho kabla hujahama. Ukishapaka leo, mwakani huwezi kutopaka. Kazi ya wikendi moja unamwachia mwenzio kama adhabu ya miezi, na mara nyingi huyo mwenzio ni wewe mwenyewe, mtindo ukishabadilika. Maana utabadilika. Nyeupe nayo ina siku zake.

"Lakini ni nyeusi mno, inatia giza." Hii ndiyo hoja kuu ninayoisikia. Nami nina swali moja la kurudisha: umeisafisha?

Kimya.

Mara nyingi kilicho cheusi si mbao. Katika nyumba nyingi za karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, mbao za ndani zilipakwa shelaki, utomvu unaotolewa na wadudu wadogo wanaoishi kwenye matawi ya miti India na Thailand, ukayeyushwa kwenye spiriti. Ilitawala mpaka miaka ya 1920, laka za kupuliza, finishi zinazokauka haraka, zilipoanza kuchukua nafasi yake. Shelaki ni nzuri, lakini ikizeeka huingia weusi, hupasuka vipande vidogovidogo kama ngozi ya mamba, na hunasa kila kitu. Juu yake weka moshi wa jikoni, moshi wa sigara za wapangaji watatu, na nta iliyopakwa juu ya vumbi, halafu vumbi juu ya nta. Hiyo ndiyo rangi unayoichukia. Umeshitaki mti kwa kosa la uchafu.

Chukua kitambaa cheupe, kiloweshe tapentaini kidogo, fungua dirisha, sugua sehemu ya ukubwa wa kiganja nyuma ya mlango. Angalia kitambaa. Kisha chukua spiriti kwenye pamba, gusa mahali pasipoonekana. Pakianza kunata, hiyo ni shelaki, na una bahati kuliko unavyojua, kwa sababu shelaki huyeyuka tena hata baada ya miaka mia. Unapitisha brashi yenye spiriti, finishi iliyopasuka inalainika, inajisawazisha, inakauka upya, na hujakwangua hata unyoya wa mbao. Kama spiriti haikufanya kitu, jaribu thina ya laka. Ikiyeyusha, basi ni laka. Vyote viwili vikishindwa, huenda ni vanishi ya mafuta au poliurethani, na hapo kazi inakuwa ngumu kidogo, lakini kuisafisha bado unaweza.

(Ukimalizia kwa mafuta ya kitani, tafadhali, vitambaa usivifinyange ukavitupa kwenye ndoo. Mafuta hayo yakikauka hutoa joto, na rundo la vitambaa linaweza kuwaka lenyewe bila kiberiti. Vitandaze nje kimoja kimoja vikauke. Hili silisemi kwa mzaha.)

Na kama ukishasafisha chumba bado kina giza, laumu kuta. Fremu na skatingi ni sehemu ndogo sana ya chumba. Dari na kuta ndizo zinazorudisha mwanga. Paka kuta rangi nyepesi, badilisha balbu, ondoa lile pazia zito, kisha kaa na mbao yako misimu miwili mitatu uone. Nimeona watu wakipaka kuta kijivu cha mvua, halafu wakailaumu milango.

Hoja ya kuuza nyumba: mnunuzi anayetaka nyeupe anaweza kupaka mwenyewe, anayetaka mbao hawezi kuirudisha kwa bei yoyote ya maana. Hoja ya usafi: skatingi nyeupe huonyesha kila kiatu kilichoigusa. Tuendelee.

Sasa raha ya kweli. Wenye mwaloni na mahogani wanaopaka nyeupe ya maji moja kwa moja hugundua baada ya muda kwamba madoa ya manjano na kahawia yanachungulia. Ni tanini ya mbao, inasafiri na maji ya rangi mpaka juu. Msonobari nao una macho, yale mafundo, ambayo hutema utomvu kupitia tabaka tatu za rangi bila aibu. Dawa yake? Praima ya shelaki, yaani tabaka la kwanza linalotangulia rangi. Kwa hiyo unakwangua shelaki ya bure iliyokuwepo ili upake rangi, halafu unakwenda kununua shelaki ya kopo ili rangi isitoke madoa. Yule mdudu amekulipisha mara mbili.

Haya, nikubali jambo moja, na nalikubali kwa shingo upande. Mbao ya asili haimaanishi mbao iliyo wazi. Katika nyumba nyingi za Uingereza za karne ya 19 milango na fremu zilikuwa za msonobari wa bei nafuu, na hakuna aliyekusudia uonekane. Ulipakwa rangi tangu siku ya kwanza, au ulipewa fundi rangi aliyeuchorea mishipa ya bandia ili ufanane na mwaloni. Halafu miaka ya 1970 ukaja mtindo wa kuibandua yote, milango ikazamishwa kwenye magadi mtaa kwa mtaa, na watu wakajisifu kwamba wameurudisha uasili ambao haukuwahi kuwepo. Wapenda mbao wenzangu, hilo nalo ni letu. Kama mlango wako ni wa aina hiyo, paka, wala usiniombe ruhusa.

Utajuaje? Fungua skrubu za kitasa, uchungulie chini ya bamba lake. Angalia nyuma ya bawaba, ndani ya maungio ya fremu, juu ya kabati ambako hakuna aliyepanda. Ukikuta mabaki ya rangi yamekwama kwenye pembe chini ya vanishi, mbao hiyo ilishapakwa kabla yako, akaja mtu akaibandua. Ukikuta mbao safi na finishi ya zamani, basi iliachwa wazi kwa makusudi. Mwanzoni mwa karne ya 20 mtengeneza samani Gustav Stickley na wenzake kule Marekani walikuwa wakiuweka mwaloni kwenye mvuke wa amonia ili tanini igeuke na mbao iive ukahawia kutoka ndani. Mtu aliyehangaika hivyo kutafuta rangi ya mbao hakuwa anakuandalia mahali pa kupaka krimu. Na mbao zenyewe nyingi zilitoka kwenye miti iliyokua polepole msituni, pete zake zimebanana. Nenda katafute ubao wa msonobari wa leo ulinganishe, kisha uniambie.

Kuna mahali nawageuka kabisa wenzangu. Mbao yako ikiwa tayari ina rangi, na nyumba ni ya zamani, usikimbilie kuibandua kwa sababu tu umesoma makala kama hii. Rangi za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi, yenye sumu. Marekani, kwa mfano, haikuipiga marufuku kwenye rangi za nyumba mpaka 1978. Vumbi lake ndilo hatari, na hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Inaharibu ubongo unaokua, na ubongo haubanduliwi ukapakwa upya. Kwa hiyo pima kwanza. Usipige msasa mkavu, usiikaange kwa bunduki ya joto kali, na angalia hasa madirisha na milango inayosuguana kila siku, maana hapo vumbi hutengenezwa bila mtu kushika msasa. Kama tabaka la zamani ni zima na limeshika, kulifunika kwa rangi mpya mara nyingi ni salama kuliko kulibandua. Mtoto anayetambaa ana haki kubwa kwenye sakafu ile kuliko mapenzi yangu kwa mwaloni.

Na yule aliyesafisha, akapima, akakaa na mbao yake mwaka mzima, na bado akiamka haipendi? Apake. Nyumba ni yake, mimi silali humo. Ila asikwangue finishi ya zamani hadi mbao tupu. Aioshe vizuri, aikwaruze kidogo tu kwa msasa laini, aweke praima ya shelaki kama kinga, kisha rangi yake juu. Hapo atakuwa amemwachia anayekuja upenyo wa kutengua. Madirisha ya kusukuma juu na chini yasipakwe yakiwa yamefungwa, la sivyo yatafunguliwa kwa nyundo. Na bawaba za shaba zing'olewe kabla kopo halijafunguliwa. Ni skrubu chache na bisibisi. Anayepaka rangi juu ya bawaba na kitasa kwa sababu kufungua ni kazi, huyo hata ukuta anyimwe.