Kwanza kibao kiwepo

Hapa Florence, Italia, kuna kibao chekundu cha kukataza kuingia, na juu yake kimtu cheusi kimejitwika ule mstari mweupe kama boriti. Ni kazi ya Clet Abraham, Mfaransa mwenye karakana mtaa wa San Niccolò. Kwa stika moja, amri ya serikali imegeuka mzigo wa mwananchi, na dereva bado anaielewa.

Ufundi uko hapo. Gundi lazima iwe ya kubanduka. Ukitumia ya kudumu, siku ya kuitoa stika inang'oka pamoja na ile ngozi inayoakisi taa za gari, na usiku kibao hakionekani. Futa vumbi na mafuta kwa spiriti, paache pakauke, kisha bandika kuanzia katikati ukisukuma hewa nje kwa kipande kigumu cha plastiki. Baridi ikizidi gundi haishiki. Jua likizidi kingo zinajikunja. Na nyekundu usiizibe, maana utasababisha ajali. Pamoja na uangalifu wote huo, Clet ameshatozwa faini.

Sasa Nairobi utabandika wapi, na kibao kilishang'olewa usiku kikauzwa kwa kilo? Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu, Mei ikaifungua. Nguzo tupu mnazijua.

Najua mtasema: "Amekula pasta kidogo, sasa anatudharau." Thubutu! Ujasiri siutafuti huku. Mwaka 2012 mwanaharakati Boniface Mwangi na wenzake walimchora mwanasiasa mwenye kichwa cha tai mla mizoga ukutani, katikati ya jiji. Na matatu je? Clet ana duara la bati la sentimita 60. Mchoraji wetu ana ubavu mzima wa basi. Kanuni za matatu za waziri Michuki za 2004 zilileta mstari wa manjano, michoro ikafifia, kisha ikarudi na makelele zaidi. Hapo hatuna mwalimu Ulaya.

Ila msiniambie kibao ni jambo dogo. Mzaha wa Clet unasimama kwa sababu watu huku wanatii alama, wengi wao angalau. Kwetu kibao hicho ndicho kinachomwonyesha bodaboda njia ya mkato. Ukimchora mtu amelemewa na mstari ule, nani atacheka, na haujawahi kumlemea yeyote?

Anayetaka kuiga aache bati. Achukue kitu ambacho kila dereva anakitii bila kubisha: kizuizi cha polisi, na misumari yake. Hicho hakuna anayekiuza kwa kilo. Spiriti na gundi ni bei ndogo. Dhamana ndiyo muiandae mapema.