git push iguse tawi nililosimama tu

Mwaka 2013 nilikuwa kwenye timu ya watu watano jijini Dar es Salaam, tunatengeneza mfumo wa malipo kwa simu, msimbo wetu tukiutunza kwa Git, programu inayoweka kumbukumbu ya kila badiliko. Ijumaa moja jioni nilikuwa nimepanga upya komiti (mabadiliko yaliyohifadhiwa) za tawi langu, yaani mkondo wangu wa kazi, kwa amri ya rebase, na kwa kuwa historia yake ilishabadilika, seva isingelipokea bila kulazimishwa. Nikaandika git push --force, yaani sukuma kwenye seva kwa nguvu, nikabonyeza Enter. Tawi langu likapanda. Chini yake ukatokea mstari ambao sikuutarajia:

+ 7c1e0aa...3b94f2d master -> master (forced update)

Master, tawi kuu la timu nzima, sikuwa nimeigusa. Nakala iliyokuwa kwenye laptopu yangu ilikuwa ya siku nne nyuma, na ndiyo iliyokwenda kufunika kazi ya wenzangu wanne. Nilimpigia simu mmoja wao huku mkono unatetemeka. Kwa bahati alikuwa amevuta mabadiliko mchana ule, akairudisha master kutoka kwenye mashine yake.

Wakati huo, git push bila maelezo zaidi ilifuata chaguo-msingi (mpangilio unaotumika usipochagua mwenyewe) lililoitwa matching: kila tawi lenye jina moja kwako na kwenye seva linasukumwa, hata kama hujalifungua mwezi mzima. Kwa namna Git ilivyozaliwa, jambo hilo lilikuwa na mantiki. Linus Torvalds aliianzisha mwaka 2005 kwa ajili ya kernel, yaani kiini cha mfumo wa Linux, ambako mtu ana ripo (hazina ya msimbo) yake ya hadharani anayoiandikia peke yake, wengine wanavuta tu. Ukimaliza kuandaa matawi yako matatu, unayatoa yote kwa mkupuo. Sisi wengine tulikuwa tunasukuma watano kwenye ripo moja. Chungu kimoja, miiko mitano.

Git 2.0 ilipotoka tarehe 28 Mei 2014, chaguo-msingi likawa simple: linasukumwa tawi ulilosimama tu, na kama jina lake halilingani na la tawi linalolifuata kwenye seva, amri inakataa. Njia hiyo ilikuwepo tangu toleo la 1.7.11 mwaka 2012, na kuanzia 1.8 Git ilikuwa ikitoa onyo refu kwa yeyote ambaye hakuwa amechagua. Onyo lile lilitukera, nakiri. Lakini hivyo ndivyo mabadiliko ya namna hii yanavyopaswa kuletwa: watu waambiwe mapema, wapewe muda, kisha mlango ufungwe kweli.

Waliopinga walisema skripti zao zitavunjika, na kwamba chombo kisibadilike mkononi mwa fundi. Naielewa hoja hiyo, ila mizani yake haikai sawa. Aliyetaka matching aliandika mstari mmoja, git config --global push.default matching, akaendelea na maisha yake. Mgeni asiyejua kuwa kuna cha kuchagua angeandika nini? Chaguo-msingi linamwamulia yeye hasa, kwa hiyo lipimwe kwa hasara atakayoipata akikosea. Fundi ana mwongozo na anajua pa kugeuza.

Ndiyo maana naamini kazi ile haijaisha. --force yenyewe bado ni kipofu: inafunika kilichopo kwenye seva bila kuuliza kama mwenzako ameongeza kitu tangu ulipoangalia mara ya mwisho. Dawa imo ndani ya Git tangu toleo la 1.8.5 la mwaka 2013, nayo ni --force-with-lease, inayokataa endapo tawi la kule limesogea bila wewe kujua. Ina tundu moja: kihariri chako kikiwa kinafanya fetch (kuchukua habari mpya za seva) kimyakimya, Git inadhani umeshayaona mabadiliko ambayo hujayasoma. Kwa hilo ikaletwa --force-if-includes katika toleo la 2.30. Ningependa hizo mbili ziwe ndiyo maana ya --force, na kule kufunika bila kuuliza kupewe jina refu ambalo mtu hawezi kuliandika kwa mazoea ya vidole. Onyo litolewe kwanza kwa zaidi ya mwaka mmoja, kama ilivyofanyika kwa push.

Kwa sasa, kila anayejiunga na timu yetu namwekea njia hii ya mkato, git sukuma, kwenye mashine yake siku ya kwanza:

git config --global alias.sukuma 'push --force-with-lease --force-if-includes'

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniita mezani kwake, anadhani ameharibu kitu. Kwenye skrini yake kulikuwa na rejected (imekataliwa), na mbele yake kwenye mabano stale info (habari zilizopitwa na wakati). Mwenzake alikuwa amesukuma komiti mbili kwenye tawi lile asubuhi. Tukafanya fetch, tukazisoma pamoja, zote mbili zikiwa salama kwenye seva.