Natafuta Samaki Wakuukuu

Mama yangu ana asili ya Ssese, vile visiwa 84 vilivyotapakaa Ziwa Victoria ng'ambo ya Entebbe. Baba alikuwa polisi, kwa hiyo mimi nimekulia kambini Kampala, nikaogeshwa kwa Kiswahili na kuchapwa kwa Kiswahili. Kiganda changu, mama husema, ni cha mtu anayeongea huku anatafuna kokoto. Mtakuja kuona kwa nini nalisema hilo mapema.

Mambo yalianzia msibani. Mjomba alisema babu yake alitolewa Ssese akiwa mgongoni kwa mama yake, wakati wa ugonjwa wa malale, ule unaoenezwa na mbung'o, na kwamba kwao ni kisiwa cha Bugala. Mama mdogo akasema uongo, kwao ni Bukasa. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mimi, kwa kihere-here cha digrii yangu moja, nikadakia: "Hayo yote yameandikwa. Nipeni miezi miwili."

Ulimi hauna mfupa.

Nikaanzia kwenye nyaraka za taifa, Wandegeya. Nikaomba chochote kuhusu "Ssese", nikaletewa karibu na hakuna. Dada wa pale mapokezi akanihurumia. "Kaka, punguza S," akaninong'oneza. Kumbe wakoloni waliandika Sese, wengine Sesse, kila mmoja na sikio lake. Tena akaniambia nisitafute mahali, nitafute ugonjwa. Nilipoomba malale, mafaili yakaja. Babu zangu wamehifadhiwa chini ya jina la mbung'o.

Humo na kwingineko nikaokota mengi. Mwaka 1906 Robert Koch, yule daktari Mjerumani aliyekuwa amepewa Tuzo ya Nobel mwaka uliotangulia, alipiga kambi Bugala akawadunga wagonjwa dawa yenye arseniki iitwayo atoksili. Baadhi walipofuka. Mwaka 1909 serikali ya kikoloni ikaamua kuvihamisha visiwa, watu wakapelekwa bara na mitumbwi yao ikaachwa ioze. Ilichukua kama miaka kumi kabla ya kuruhusiwa kurudi. Hayo niliyasoma nikiwa nimekaa kimya, na kwa mara ya kwanza nikamwelewa mjomba anavyopandwa na hasira kila akisikia neno "Bukasa".

Nikaenda Makerere. Nikaenda kwenye maktaba ya Uganda Society pale makumbusho, Kamwokya, nikafunua majarida yao yaliyoanza 1934 mpaka vumbi likanifanya nipige chafya kama mbuzi. Kila nilipokaribia jambo, jambo likahama. Barua za wamisionari Waanglikana ziko Birmingham. Za Mapadri Weupe ziko Roma. Za Koch, Berlin. Na mimi nina kadi ya maktaba na nauli ya bodaboda.

Basi nikasema niende kisiwani kwenyewe, walau kuna watu wenye midomo.

Nilipanda meli bandari ya Nakiwogo, Entebbe, nikalala Kalangala, mji ulioko Bugala. Mwenye nyumba ya wageni akanielekeza mwalo mmoja, akasema pale kuna mzee ambaye hata wazungu wa vyuo vikuu humfuata. Mambo ya kale yote anayo kichwani. Asubuhi mvua ikanyesha. Nikavaa gambuti nilizonunua soko la Owino, nikavaa koti la mvua la marehemu baba, la kijani. Kichwa nilikuwa nimenyoa upara siku mbili kabla. Mfukoni nikatia daftari, kalamu, na tepu ya kupimia.

Tepu ilikuwa na sababu yake. Mitumbwi ya Ssese ndiyo iliyokuwa jeshi la majini la Kabaka, mfalme wa Buganda, mbao zake zikishonwa kwa nyuzi badala ya kupigwa misumari. Stanley, yule mzungu mpelelezi aliyefika Buganda mwaka 1875 aliandika kuhusu mtumbwi wa zaidi ya futi 70. Nilitaka kupima wa siku hizi nilinganishe. Utafiti, si ndiyo?

Nikafika mwaloni, nikaegemea mtumbwi wa kwanza, nikavuta tepu. Kisha nikauliza, kwa Kiswahili cha kambini, kile cha kutoka tumboni:

"Huu ni wa nani?"

Jamani. Sijawahi kuona watu wazima wakiyeyuka hivyo. Vijana waliokuwa wanaparua samaki waliruka kamba wakapotelea kwenye michikichi. Mwanamke mmoja alikalia beseni lake. Redio ikazimwa. Hata mbwa alisimama akaondoka kwa heshima.

Wasiojua, nawaambia: sheria ya uvuvi ya Uganda haitaki mtumbwi ulio chini ya futi 28, na mwaka 2017 wanajeshi walipelekwa ziwani kuisimamia. Na mwanajeshi kwetu utamtambua kwa mambo matatu: gambuti, upara, na Kiswahili. Mimi nilikuwa na la nne, tepu.

Alibaki mzee mmoja tu. Nilidhani ni kwa ujasiri, kumbe ni magoti. Nikamwamkia, nikakaa kando yake, nikafungua daftari.

"Mzee, nimeambiwa wewe unajua kila kitu."

Akameza mate. "Nani kasema?"

"Mjini. Nataka unieleze yote, tangu mwanzo. Usifiche."

"Afande, mimi ni mtu mzima," akasema. "Nitasema. Nyavu ziko nyuma ya choo cha mwenyekiti."

Nikaandika. Nikawaza, pengine ni mapokeo.

"Za tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

"Na kabla ya hapo?"

"Zilikuwa kwa shemeji yangu."

"Na kabla ya shemeji? Rudi nyuma kabisa, mzee, enzi za mababu."

Akanitazama macho yamemjaa machozi. "Kabla ya hapo mlizichoma, afande."

Hapo ndipo akili ilinirudia. Nikaona aibu kuanzia kwenye gambuti kupanda juu. Nikaruka wima nijieleze, na nikaona afadhali niseme Kiganda wanisikie kama mtoto wao. Historia kwa Kiganda ni *ebyafaayo*. Samaki ni *ebyennyanja*. Mtu mwenye kokoto mdomoni, tena mwenye hofu, haoni tofauti kubwa. Nikapaza sauti ili hata walio kwenye michikichi wasikie:

"*Nnoonya ebyennyanja ebikadde!*"

Yaani: natafuta samaki wakuukuu.

Kimya. Kisha yule mama akainuka juu ya beseni lake, akaingia bandani, akatoka na gunia. Samaki wa moshi. Wakuukuu kweli kweli. "Ya chai, afande." Nikakataa, akarudi kuongeza. Nikakataa tena, akaongeza na kuku. Nikatoa noti ya elfu ishirini nilipe, hapo akaangua kilio, maana afande anayelipa ni mtego. Ikabidi nichukue gunia, nikamwacha kuku, nikaondoka kinyumenyume nikitabasamu, jambo ambalo nadhani liliwatisha kuliko yote.

Kesho yake bandarini Lutoboka kulikuwa na ukaguzi wa mizigo. Maafande wa kweli. Nikafungua gunia kwa mara ya kwanza: sangara wachanga, hata mmoja hajafika nusu ya inchi 20 zinazotakiwa. Kisha nikakumbuka daftari. Nyavu, choo cha mwenyekiti, shemeji, Pasaka, vyote kwa mwandiko safi wa mwalimu.

Nikachana ukurasa nikautia mdomoni.

"Unakula nini?" afande akauliza.

"Karanga."

Akangoja nimalize. Ilichukua muda. Akafungua bahasha yangu, akasoma nakala za mwaka 1909 akisogeza midomo.

"Hawa watu waliohamishwa," akasema, "walihamishwa na kikosi gani?"

Nikamweleza yote, mbung'o na Koch na mjomba. Alisikiliza vizuri kuliko wanafunzi wangu. Kisha akachukua gunia, akatoa kitabu kikubwa chenye jalada gumu, akaandika jina langu kamili, tarehe, kilo za samaki, na chini yake akauliza: "Asili yako?"

"Ssese."

"Kisiwa gani?"

Nikamfikiria mjomba. Nikamfikiria mama mdogo. Watu nyuma yangu kwenye foleni wakaanza kusonya.

"Andika Bugala," nikasema.

Akaandika, akagonga muhuri. Mama mdogo hajasema nami mpaka leo.