Usiisafishe Simu Kabla ya Kupata Pa Kulala

Mwanamke wa Kondele kule Kisumu au Kaptembwo kule Nakuru akisema mumewe anajua kila anakopita na kila anayemwandikia, ushauri anaopewa ni uleule: badilisha nenosiri zote leo, futa simu yote ianze upya, mzuie asikupate. Asipofanya hivyo, hata ndugu zake huanza kunong'ona kwamba bado anampenda, basi na avumilie.

Ushauri huo una msingi. Kila siku inayopita mume anasoma zaidi, na pesa zikishatoka M-Pesa kuzirudisha ni kazi. Aliyekwisha kuhama, akalala mahali mume asipopajua, na afunge kila kitu jioni hiyohiyo. Lakini anayelala naye chumba kimoja yuko katika hali nyingine kabisa. Mume aliyezoea kusoma WhatsApp ya mkewe kila usiku, siku atakayoikuta imekatika hahitaji kuambiwa jambo. Ameshajua kwamba mke ameshtuka na huenda anajiandaa kuondoka, na siku za kuondoka ndizo kipigo huwa kibaya zaidi. Mwanamke anayeiacha simu kama ilivyo anaijua hatari hiyo kuliko sisi tunaomlaumu.

Kutazama hakumshtui mtu. Kuondoa ndiko humshtua. Anaweza kufungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa kwenye WhatsApp aone kama kuna kompyuta au simu asiyoijua. Anaweza kupiga *#21# kujua kama simu zake zinaelekezwa kwa namba nyingine. Kwenye Google Maps ataona kama mahali alipo panatumwa kwa mtu. Mara nyingi njia anayotumia mume si programu ya kijasusi: Gmail ya mke ilifunguliwa na mume siku simu iliponunuliwa, na nenosiri ni lake tangu mwanzo. Hapo kuifuta simu hakusaidii kitu. Akiingia tena kwa Gmail ileile, mume bado yumo, na vitisho alivyomwandikia vimefutika pamoja na simu.

Kuna jambo ambalo wanaohimiza haraka hawaliulizi: laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha nani? Wake wengi wanatumia laini iliyoandikishwa na mume. Kujua ni rahisi. Mtu akimtumia shilingi 10, jina litakalotokea kwenye ujumbe wa M-Pesa wa mtumaji ndilo la mwenye laini kisheria. Likiwa la mume, badilisha nenosiri mara 100, bado yeye ana ufunguo. Ataingia dukani na kitambulisho chake, aseme laini imepotea, apewe nyingine. Simu ya mke itakosa mtandao palepale, na namba za siri za kufungulia WhatsApp, Gmail na benki zitaanza kuingia kwa mume. Hata PIN ya M-Pesa, anayetambulika kama mwenye laini ndiye anayeweza kuomba ibadilishwe. Mke akienda kulalamika, karatasi zinasema laini si yake. Simu za kulipia kidogo kidogo kila siku zina tatizo kama hilo: aliyeikopa akiacha kulipa, simu inajifunga.

Ndiyo maana laini hutangulia nenosiri. Anunue laini kwa kitambulisho chake mwenyewe, na kabambe, yaani simu ndogo ya vibonyezo ya bei ya chini, inayotunzwa kwa mtu anayemwamini. Laini hiyo isiingizwe hata mara moja kwenye simu ya zamani, kwa sababu ziko programu za upelelezi zinazoripoti laini ikibadilishwa. Barua pepe mpya ifunguliwe kwa simu ya mtu huyo. Ile Gmail ya zamani isifunguliwe kwenye kifaa kipya, maana Google hutuma taarifa kwamba kuna mtu ameingia, na mume ataiona. Kompyuta ya saiba ni ya dharura tu, na asiondoke bila kujitoa kwenye akaunti.

Vitisho navyo vipigwe picha kwa simu nyingine, vikionyesha namba, tarehe na saa. Kuvituma kutoka simu ileile huacha alama. Asicheleweshe, maana ujumbe wa WhatsApp unaweza kupangwa ujifute baada ya saa 24. Picha hizo zina uzito: sheria ya Kenya ya 2015 ya kulinda watu dhidi ya dhuluma za nyumbani inahesabu kufuatwafuatwa kuwa dhuluma, na ile ya uhalifu wa mitandao ya 2018 inaadhibu kuingia kwenye simu au akaunti ya mtu bila idhini. Kwenye dawati la jinsia la kituo cha polisi, ahakikishe ameondoka na nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio ambamo ripoti yake imeandikwa.

Mume akianza kuchota pesa au kutishia kuua, mpango wa polepole unaachwa na mtu anatoka na alichonacho mkononi. Namba 1195, ya kuomba msaada kwa wanaodhulumiwa kijinsia, ni ya bure usiku na mchana, lakini hubaki kwenye orodha ya simu zilizopigwa, kwa hiyo ipigwe kwa simu ya jirani au ile kabambe.