Nipe Shujaa Mwenye Mdomo

Ukiwa mtu mzima mwenye kazi na watoto, halafu ukakutwa kwenye kivuko cha Kamanga hapa Mwanza umezama katika riwaya ya mapanga, maharamia na majumba yenye mizimu, jiandae kuulizwa kama umekosa kitabu cha maana. Nimeulizwa sana, tena na watu ambao jioni hiyohiyo watakaa mbele ya tamthilia ya Kituruki mpaka usingizi uwachukue.

Mimi nazisoma kwa sababu ya mdomo. Mapanga yapo kwenye filamu, tena mengi. Ninachokipata huku peke yake ni mtu aliyebanwa ukutani, ncha tatu za panga zikimtazama kifuani, na bado anapata nafasi ya kumtania mwenye panga la katikati kuhusu viatu vyake.

Angalia Mfaransa Alexandre Dumas alivyomwingiza shujaa wake d'Artagnan mjini Paris katika riwaya ya mwaka 1844, The Three Musketeers. Kijana katoka shamba, hana hela, hana ndugu mjini. Katika mbio zake anakutana na askari watatu. Anamgonga Athos bega lenye jeraha; huyo wanapatana kupigana saa sita mchana. Anajinasa kwenye joho la Porthos na kuona siri iliyofunikwa humo: mkanda wa upanga unaong'aa dhahabu mbele, nyuma ngozi tupu. Huyo saa saba. Kisha anamwokotea Aramis leso ambayo mwenyewe hakutaka ijulikane kuwa ni yake. Huyo saa nane. Mapigano matatu kwa siku moja, na hakuna hata moja lililotokana na ubaya wa moyo. Nikikumbuka mkanda ule wa Porthos bado nacheka. Nani hapa mjini hamjui mtu wa dhahabu mbele?

Hadithi hiyo ilikuwa inatoka gazetini kipande kwa kipande, ndiyo maana sura nyingi zinakatikia pabaya. Aliyewahi kufuatilia hadithi za Facebook na WhatsApp anaijua hasira ya kukutana na "itaendelea" wakati mlango ndiyo kwanza unavunjwa.

Dumas hakuhitaji uchawi. Waliouchanganya vizuri na panga ni Wamarekani wa miaka ya 1930: Robert E. Howard na shujaa wake Conan kuanzia 1932, kisha Fritz Leiber mwaka 1939, na wahusika wake wawili marafiki, pande la mtu kutoka kaskazini na mwizi mfupi mwepesi wa miguu, wote wawili hawaishiwi kuishiwa. Hapo ndipo utamu wangu ulipo. Katika riwaya nzuri za aina hii uchawi uko upande wa adui. Shujaa ana miguu, ana ulimi, ana rafiki mmoja wa kumtegemea, basi. Mwandishi akimpa shujaa wake fimbo ya kumaliza kila tatizo, mimi nafunga kitabu. Sungura wetu angekuwa na nguvu za tembo, nani angekaa kumsikiliza?

Wanaodai mbwembwe hizi ni mambo ya Ulaya waende Bujora, nje kidogo ya Mwanza, wakati wa Bulabo, tamasha la ngoma la Wasukuma, mwezi wa Juni. Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, wanacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na mshindi ni aliyevuta watu wengi zaidi. Kwa hiyo kuna mchezaji na nyoka, kuna dawa ya kuwavuta watazamaji, kuna majigambo, kuna nyimbo za kumkejeli wa upande wa pili. Unamwona mtu mzima akiacha kundi alilokuja nalo, anavuka uwanja kidogo kidogo kama anatafuta kivuli, kumbe kashavutwa. Usukumani mbwembwe hazijawahi kuwa utoto. Ni nusu ya pambano.

Ndiyo maana naona ajabu kwamba riwaya ya namna hii haijatoka kwenye ziwa letu la Victoria ikavuma. Shaaban Robert alisogea karibu mwaka 1952 na Adili na Nduguze: kuna safari ya bahari, kuna jini, kuna ndugu wenye husuda wanaogeuzwa manyani. Lakini Adili ni mwema mno kwa ladha yangu. Na kisiwa cha Ukerewe, kilichotupa waandishi Kitereza na Kezilahabi, kimetupa vitabu vikubwa vya maisha na machungu yake. Navipenda. Ila kuna siku mtu anataka kukimbia juu ya mapaa.

Mjomba wangu, mvuvi wa dagaa wa miaka mingi, ana pingamizi lenye uzito zaidi. Haramia, anasema, si mtu wa kuchekewa. Mvuvi wa dagaa anajitangaza mwenyewe: anatoka usiku wa giza, anawasha taa kuvuta dagaa, na taa hiyohiyo inamwonyesha kwa kila mwenye nia mbaya. Maharamia wanakuja, wanachukua mashine ya mtumbwi na nyavu, wanawaacha wavuvi wakielea. Haramia wa vitabuni anamwibia tajiri mwenye merikebu. Wa huku anamwibia mtu ambaye mashine yenyewe bado ana deni nayo.

Hapo namkubalia, na nadhani ndipo riwaya yetu ingeanzia. Mashujaa wawe walioibiwa. Watu wanne, mtumbwi wa makasia, mashine yao iko kisiwa cha mbali kwa mtu anayejigamba kuwa ana mkataba na Mugasha, yule ambaye Wahaya wa ng'ambo humtaja kuwa bwana wa maji na dhoruba. Wao hawana dawa yoyote. Wanaingia kisiwani mchana kweupe wakijifanya wanunuzi wa dagaa, wanakaribishwa chai, na wanatakiwa kuongea mpaka giza liingie.

Nilimsimulia mjomba yote hayo, nikamwambia nahodha ndiye atakayeongea. Akakataa katakata. "Nahodha aongee nini? Kambini mwenye mdomo ni mpishi. Yeye ndiye anayejua nani anadaiwa na nani."