Taarifa ya fedha ya chama isiishie hotelini

Fulana ya Mei Mosi si taarifa ya fedha. Naanza hapo kwa sababu mwanachama wa chama cha walimu akihoji makato ya ada kwenye mshahara wake, jibu la kwanza huwa kwamba fulana na kofia si mlipewa.

Tupige hesabu kidogo. Mwalimu wa mshahara wa shilingi 800,000 akikatwa asilimia 2, anatoa 16,000 kila mwezi, sawa na 192,000 kwa mwaka. Shule yenye walimu 20 wa kiwango hicho inatoa 3,840,000. Hela hiyo mwajiri anaikata juu kwa juu, inatua kwenye akaunti ya chama, na mweka hazina hana sababu ya kukanyaga ofisi ya walimu kutuomba chochote. Kiongozi asiyelazimika kumfuata mwanachama ili apate ada husahau upesi kwamba kuna mtu wa kumjibu. Sisemi makato yafutwe. Tukirudi kukusanya mkononi, chama hakifiki Pasaka. Na asiyejiunga naye hukatwa, kwa jina la ada ya uwakala, yaani malipo ya kuwakilishwa na chama, kwa hiyo hata kujitoa si dawa.

Sheria Tanzania tunayo. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinataka chama kitunze vitabu vya mapato, matumizi, mali na madeni, kifunge hesabu tarehe 31 Desemba, kikaguliwe na mkaguzi aliyesajiliwa, na kufikia 31 Machi kiwasilishe taarifa kwa Msajili wa vyama hivi na kwenye mkutano wa wanachama au wawakilishi wao. Ruhusa hiyo ya wawakilishi ndiyo viongozi wanayoipenda.

Nimewahi kuwa mjumbe kwenye mkutano wa aina hiyo. Kabrasha tuligawiwa asubuhi ileile, likasomwa baada ya chakula cha mchana, wakati watu wananong'onezana posho inasainiwa wapi. Fungu la vikao na safari lilizidi fungu la kutetea wanachama wenye kesi. Chini kabisa palikuwa na "matumizi mengineyo", tarakimu ndefu, mchanganuo hakuna. Mwenyekiti akauliza, "Wajumbe, taarifa imepokelewa?" Makofi. Ikapita. Mjumbe aliyesafirishwa, akalazwa hotelini na kulipwa posho na ofisi hiyohiyo, ujasiri wa kudai kuona vocha ataupata wapi?

Wapo wanaodhani huu ni ugonjwa wetu peke yetu. Huko Warren, Michigan, mweka hazina wa tawi namba 412 la UAW, chama cha wafanyakazi wa viwanda vya magari, alikwapua zaidi ya dola milioni 2 kwa hundi na kadi za tawi. Nyingine zikaishia kwenye kamari, nyingine kwenye bunduki na magari. Mwaka 2022 alifungwa miezi 57. Na Marekani wana sheria ya tangu 1959 inayolazimisha vyama kupeleka hesabu serikalini, na leo mtu yeyote anazifungua mtandaoni, mpaka mishahara ya viongozi anaiona. Kama mwizi alipata mwanya hapo, sisi tunaopiga makofi tunategemea nini?

Ninachotaka ni kitu kidogo: mapato na matumizi ya wilaya, ukurasa mmoja, ubandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila shule kabla ya Machi kwisha. Fotokopi zake hazifikii posho ya kikao kimoja.

Najua pingamizi litakalokuja: siri za chama zitamfikia mwajiri. Siri gani? Mwajiri ndiye anayekata, anajua kinachoingia mpaka shilingi ya mwisho. Kifungu hichohicho cha 51 kinampa mwanachama haki ya kukagua hesabu na ripoti ya mkaguzi kwenye ofisi ya chama. Nendeni watatu au wanne, maana anayekwenda peke yake huitwa mchochezi. Andikeni barua, nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakiwaambia mhusika yuko safarini, ulizeni safari hiyo imelipwa kutoka fungu gani.