Kichwa cha Treni cha Bei Nafuu: Gharama Imepunguzwa Wapi?

Mwanzoni mwa miaka ya 2010, kampuni ya Hornby ya Uingereza, inayotengeneza treni za modeli, ilitoa modeli mbili za garimoshi moja, Tornado namba 60163, ambalo lenyewe lilikamilika kujengwa mwaka 2008 kwa michango ya wapenzi wa reli. Modeli ya kwanza iliwekwa katika orodha kuu ya kampuni, na ya pili katika orodha yake ya bei nafuu iitwayo RailRoad. Zote mbili zilitoka katika kalibu moja, na kilichozitenganisha kilikuwa hasa upakaji wa rangi na umaliziaji wa vitu vidogo vidogo vya nje. Muda mfupi baadaye mambo yalikuwa hivyo hivyo kwa Cock o' the North, garimoshi kubwa ambalo asili yake ilijengwa Doncaster mwaka 1934. Mnunuzi aliyesimama mbele ya masanduku hayo mawili alikuwa anaulizwa swali ambalo wapenzi wa treni za modeli hulijadili kila siku: je, kile cha bei ya chini ni kibaya, au ni kizuri kilichovuliwa mapambo?

Wapo wanaoshikilia kwamba kichwa cha treni cha bei nafuu ni mchezo wa watoto, na kwamba mtu mzima mwenye kuipenda kazi hii afadhali asubiri, aweke akiba, kisha anunue kimoja kilicho bora. Wapo pia wanaojibu kwamba bei ya juu inalipia vishikio na mabomba ambayo hakuna jicho linaloyaona treni ikishaanza kutembea. Kila upande una hoja ya kweli, lakini naona pande zote mbili zinaipima bei badala ya kukipima kifaa. Bei nafuu ni matokeo ya uamuzi uliofanywa kiwandani, na kazi ya mnunuzi ni kuuliza uamuzi huo ulikata wapi. Ukikata kwenye sura ya nje, mnunuzi amepata nafuu halali. Ukikata kwenye mota, gia na njia za umeme, amenunua tatizo ambalo atalilipia polepole.

Tuanze na sura, kwa kuwa ndiyo inayogombaniwa zaidi ingawa ndiyo nyepesi. Katika kipimo cha OO, ambacho ni moja kwa 76 kwenye reli zenye upana wa milimita 16.5, kishikio cha mlango wa dereva ni kitu chembamba kuliko kijiti cha kiberiti. Kiwanda kinaweza kukitengeneza kwa waya na kukichomeka kwa mkono, au kukifinyanga pamoja na mwili wa plastiki kiwe mstari ulioinuka kidogo. Njia ya kwanza inahitaji saa za kazi za mafundi, na saa hizo ni sehemu kubwa ya bei. Njia ya pili haipendezi kwenye picha ya karibu, lakini inastahimili kushikwa. Katika nyumba yenye watoto, au mahali ambapo treni hutolewa sandukuni na kurudishwa kila wiki, uimara huo ni thamani ya kweli. Vichwa vya bei ya juu hupoteza vipande vyao vidogo kwa kushikwa tu, na kila kipande kinachopotea hupunguza sehemu ya kile kilicholipiwa. Isitoshe, sura inaweza kuboreshwa baadaye. Mwenye subira hukwangua mstari wa plastiki, akatoboa matundu, akaweka waya, akapaka rangi ya vumbi na masizi, na kichwa kikafanana na garimoshi lililofanya kazi kweli.

Ndani ya mwili ndiko penye uzito wa jambo. Mfano unaofundisha kuliko yote ni ule wa Lima, kampuni ya Italia iliyoanzishwa mwaka 1946 huko Vicenza, ambayo kwa miongo kadhaa iliwauzia Wazungu wa nchi nyingi treni za modeli kwa bei ambayo familia za kawaida ziliimudu. Miili ya vichwa vyake vya dizeli ilichongwa vizuri, mingine kiasi cha kushindana na ya kampuni ghali. Mota yake, hata hivyo, ilikuwa ile bapa inayofanana na chapati, yenye ncha tatu (yaani sehemu tatu za sumaku za umeme zinazozunguka ndani yake), iliyopachikwa upande mmoja wa seti ya magurudumu na kuyazungusha kwa mlolongo wa gia za plastiki. Ilivuma kwa kelele, ilianza safari kwa kuruka badala ya kuondoka taratibu, na ilipokea umeme kupitia magurudumu machache tu, hivyo vumbi kidogo juu ya reli lilitosha kuisimamisha. Baadhi ya magurudumu yalivikwa vipira ili yasiteleze. Vipira hivyo huongeza nguvu ya kuvuta, lakini mpira haupitishi umeme, kwa hiyo kila gurudumu lililovikwa ni gurudumu moja pungufu la kupokea umeme.

Hornby ilipoinunua mali ya Lima mwaka 2004, baadhi ya kalibu hizo ziliingia katika orodha ya RailRoad, na baadhi ya miili hiyo ilipewa mota ya ncha tano badala ya ile bapa. Hapo tofauti ya mahali gharama ilipokatwa inaonekana waziwazi. Mwili ni ule ule, wenye madirisha mazito kidogo na vishikio vya kufinyangwa, lakini mwendo umebadilika. Mota yenye ncha nyingi zaidi huzunguka kwa ulaini hata ikipewa umeme mdogo, na mwendo wa polepole ndio kipimo ambacho kichwa kibovu hakiwezi kukikwepa.

Kipimo hicho kinaweza kufanywa dukani kwa saa ya mkononi. Mtu anayetembea kwa miguu huenda kama kilomita 5 kwa saa. Mwendo huo ukigawanywa kwa 76, modeli inapaswa kuchukua karibu sekunde 55 kupita mita moja ya reli. Kichwa kinachoweza kutambaa mita moja kwa dakika moja bila kusita, mbele na nyuma, kina mota na gia za kuaminika, hata kama rangi yake ni ya kawaida. Kinyume chake, kichwa cha kupangia mabehewa ambacho kwa umeme mdogo kabisa tayari kinapita mita hiyo kwa sekunde moja kinaigiza mwendo wa zaidi ya kilomita 270 kwa saa, na hakuna garimoshi dogo la bandarini lililowahi kwenda hivyo. Jaribio hili nalithamini kuliko maelezo yote yaliyoandikwa kwenye sanduku, na ningemshauri mnunuzi wa mara ya kwanza aliombe kabla ya kutoa pesa.

Lakini haki inataka tukiri kwamba bei ya juu haikuhakikishii utumbo mzuri. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Life-Like ya Marekani ilianza kuuza vichwa vya Proto 2000, ambavyo vilisifiwa kwa umbo na mwendo. Miaka ilipopita, gia za plastiki zilizobanwa juu ya ekseli zikaanza kupasuka, na kichwa kilichokuwa laini kikawa kinadunda kila gurudumu linapomaliza mzunguko. Jibu ambalo wamiliki wengi walilipata lilikuwa gia za Athearn, kampuni iliyojulikana kwa vichwa vya kawaida vya bei ya wastani, kwa kuwa ziliingia mahali pale pale bila shida. Kipuri cha kifaa rahisi kiliokoa kifaa cha kifahari.

Vivyo hivyo kwa chesisi, yaani fremu inayobeba mota na magurudumu, zikiwa za aloi ya zinki. Madini hayo yakichafuliwa na risasi wakati wa kuyeyushwa, baada ya miaka chesisi huvimba, hupinda na hatimaye humeguka kama mkate mkavu. Ugonjwa huo umezipata modeli za zamani na za karibuni, na mara nyingi ni zile nzito za bei ya juu, kwa sababu ndizo zinazotumia aloi hiyo kwa wingi ili ziwe na uzito wa kuvuta. Nilipata kununua kichwa kilichotumika, cha chapa yenye heshima, ambacho sandukuni kilionekana kipya. Nilipofungua mwili nikakuta kona ya chesisi imeanguka chini yenyewe. Hakikuwa na dawa, kwa sababu chesisi ya kubadilisha haikuwa ikiuzwa tena.

Upatikanaji wa vipuri, kwa hiyo, ni sehemu ya ubora ambayo haionekani katika picha, na hapa vichwa vya bei nafuu mara nyingi hushinda. Muundo uliotengenezwa kwa miaka 30 bila kubadilika umetapakaa kila mahali. Brashi za mota (vipande vinavyoipelekea umeme), vipira, gia na magurudumu yake hupatikana kwa bei ndogo, na mtu mwenye bisibisi anaweza kukifungua na kukifunga mezani kwake. Kichwa cha kisasa cha daraja la juu kina nyaya nyembamba, bodi ya elektroniki na klipu zinazovunjika zikifunguliwa pasipo maelekezo.

Udhibiti wa kidijitali nao hubadilisha hesabu. Kichwa chenye soketi ya pini 8 hupokea dikoda, yaani kifaa kidogo cha elektroniki kinachopokea amri za kidijitali na kuiongoza mota, kwa dakika chache. Chenye mota ya zamani, ambayo brashi yake moja imeunganishwa moja kwa moja na chesisi, lazima kwanza kitenganishwe na kulehemiwa upya, na mwenye haraka huiunguza dikoda siku ya kwanza. Kwa anayetumia umeme wa kawaida wa volti 12 jambo hili halina uzito wowote. Kwa anayekusudia kuendesha treni nyingi kwenye reli moja, bei ya dikoda na ya kazi hiyo lazima ijumlishwe na bei ya dukani, na mara nyingine jumla hukikaribia kichwa bora ambacho tayari kina kila kitu.

Ushahidi kwamba nafuu na uzima wa ndani vinaweza kukaa pamoja uko Ujerumani. Piko, kampuni ya Sonneberg iliyokuwa mali ya serikali enzi za Ujerumani Mashariki na ikabinafsishwa mwaka 1992, huuza daraja liitwalo Hobby chini ya lile la Expert. Vichwa vya Hobby vina vishikio vya kufinyangwa na rangi isiyo na madoido mengi, lakini mitambo yake ni ya kisasa, nayo inaenda polepole na kuvuta vizuri. Kiwanda kilikata pale panapostahili kukatwa.

Kuna matumizi mengine ya kichwa nafuu ambayo msomaji wa Afrika Mashariki huenda yakamgusa. Atakayetaka kuijenga upya reli yenye upana wa mita moja ya kutoka Mombasa kwenda Kampala katika kipimo cha moja kwa 87 atahitaji reli zenye upana wa milimita 12 hivi. Upana huo ndio unaotumiwa na modeli za TT, ambazo Hornby ilianza kuziuza kwa kipimo cha moja kwa 120 mwaka 2022. Chesisi ya bei ndogo yenye mwendo mzuri, ikivikwa mwili wa kutengeneza mwenyewe, ni mwanzo wa bei ya kuvumilika. Hakuna mtu atakayethubutu kukata kwa msumeno kichwa kilichogharimu zaidi ya pauni 200.

Mahali ninapokataa utetezi wa bei nafuu ni kwenye vile vichwa vidogo vya magurudumu manne vinavyowekwa katika seti za wanaoanza. Havina uzito, magurudumu yake yamekaribiana mno, na vikifika mahali reli zinapogawanyika vikakuta kipande cha plastiki, gurudumu moja hukosa umeme na kichwa husimama. Mtoto hukisukuma kwa kidole mara ya kwanza, ya pili, ya kumi, kisha anasema treni imeharibika na seti nzima inarudi kabatini. Kwa pesa iliyoongezwa kidogo tu, au kwa bei ile ile katika soko la vitu vilivyotumika, mzazi huyo angepata kichwa cha magurudumu sita kinachopokea umeme kupitia yote, kikapita hapo bila mtoto kujua kwamba palikuwa na tatizo.